Shimo Ambalo Nyapara Hakuliona

Naanza na nyapara kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa nyapara wa majengo pale Mbeya mjini, mtu mnene, kofia ya kaki, penseli sikioni, penseli ambayo sikuwahi kumwona akiandika nayo hata herufi moja. Watu wananiambia nimsamehe, mambo yamepita, wewe bado msichana mdogo, utazeeka na kinyongo. Nawajibu, haya, acha nizeeke nacho.

Alimwibia shangazi yangu nyumba. Sisemi nyumba iliyojengwa ikawa na mlango na kufuli. Aliiba nyumba iliyokuwa bado kichwani mwa shangazi na mikononi mwake, na wizi wa namna hiyo huwezi kwenda kuusema polisi, maana watakuuliza kilichoibwa kina rangi gani.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Kwetu ni kijiji upande wa Kalenga, kule Iringa. Aliolewa na mchimba dhahabu, wakaenda Chunya wakala vumbi, dhahabu wakapata wengine, mume akafa kwa kifua. Shangazi akahamia Mbeya mjini na sufuria mbili, jembe moja, na mimi. Tukapanga chumba cha mabati nyuma ya duka la vitambaa. Mabati juu, mabati pembeni. Mtu ambaye hajakaa kwenye chumba cha mabati Mbeya mwezi wa saba asinieleze habari ya baridi. Asubuhi pumzi zenu wenyewe zinawadondokea kutoka kwenye bati, blanketi limelowa utafikiri mmelala mtoni. Mchana jua likitoka, humo ndani unaweza kuiva.

Kazi ya shangazi ilikuwa kukandika nyumba za watu. Ukuta aliokandika yeye hukuti ufa. Alifundishwa udongo na mama yake, bibi yangu, na bibi alifundishwa na mama yake. Mimi niliishia darasa la nne, sikufundishwa na mtu yeyote kazi ninayoifanya leo ya kuchora nyumba. Niliuza uji kwenye majengo. Mafundi walitandika ramani mezani, wao upande wao, mimi na birika langu upande wa pili, kwa hiyo nilijifunza kusoma ramani chini juu. Mlango ni upi, dirisha ni lipi, mstari mnene maana yake nini, yote niliyasoma kichwa chini miguu juu. Mpaka leo nikipewa ramani naigeuza kwanza ndiyo niione vizuri, na mafundi wananicheka. Wacheke. Wao waliketi wakapewa, mimi niliiba kwa macho huku namimina uji.

Mwaka huo mji ulipima viwanja vipya vya Waafrika. Vigingi vikapigwa ardhini kwa mistari iliyonyooka, kila kiwanja na namba yake. Masharti yake yalikuwa makali: nyumba isimame kabla ya mvua, madirisha yawe ya kipimo fulani, ukuta uwe umenyooka na usiwe na ufa, nyasi hakuna, juu ni bati. Usipomaliza, kiwanja anapewa mwingine. Tofali la kuchoma na simenti ni vya mtu mwenye duka. Mfagizi wa barabara atavipata wapi? Mjane je?

Shangazi alikuwa anayafikiria hayo siku nyingi, na alinifikirisha na mimi. Kila jioni tukipika alikuwa anasema kipande, mimi nachora kipande, kwenye karatasi za mifuko ya simenti ambazo mafundi walizitupa. Msingi uwe wa mawe ya mlimani, mawe yako tele, yanataka mgongo tu. Ukuta wa matofali mabichi ya jua. Paa litokeze nje mkono mzima, mvua isipige ukuta. Halafu chini ya bati, dari la mianzi lililoshindiliwa udongo juu yake. Hilo lilitoka kwenye tembe la bibi. Tembe letu la Iringa lina udongo juu, ndani yake hakuna baridi la mwezi wa saba wala joto la mwezi wa kumi. Mimi nikasema, kwa nini udongo wa bibi usikae chini ya bati la mzungu? Shangazi akacheka mpaka akaunguza mboga. Lakini alilala akiwaza, na asubuhi akaniambia nichore.

Basi nyapara akaiona michoro hiyo siku moja anakunywa uji wangu. Akauliza nani kachora. Nikasema mimi, lakini mwenye nyumba ni shangazi. Akaniambia mzungu wa viwanja anatafuta nyumba rahisi ya wafanyakazi, nyumba ya mfano, akiipenda itajengwa nyingi. Akamfuata shangazi mwenyewe, akamwamkia vizuri kabisa, akasema mama, nijengee mfano kwenye kiwanja cha kona, na kiwanja hicho kitaandikwa jina lako. Alisema mbele yangu. Alisema mara mbili. Shangazi, ambaye tangu Chunya hajawahi kuwa na mlango ambao mwingine hawezi kumwambia atoke, alishika kitambaa cha kichwani akakifunga upya, nikajua moyo wake umeshahamia pale.

Sasa nieleze shimo, maana bila shimo hutanielewa.

Udongo wa kwetu haujengewi siku umechimbwa. Unachimbwa, unatiwa shimoni na nyasi zilizokatwakatwa na majivu na maji, unafunikwa, unaachwa ulale. Wiki tatu, ukipenda nne. Unaoza. Unatoa harufu ambayo ukipita karibu unamtazama jirani yako. Kisha unakanyagwa kwa miguu, unapumzishwa, unakanyagwa tena, mara tatu. Hapo ndipo unakuwa kama unga wa maandazi, ukiufinya hauachani, na ukikauka hata msumari unajuta. Na kwa akina bibi yangu kuna mwiko: mwanamume haoni shimo. Shimo linachimbwa na wanawake asubuhi kabla ya watu kutoka, linafunikwa kwa majani, na mwanamume akipita wanawake wanakaa juu yake wakisukana nywele. Mwanamume anaona udongo ukija kwenye vikapu vichwani mwa wanawake, basi.

Shangazi alichimba shimo lake kule kijitoni kabla nyapara hajaleta hata kamba ya kupimia. Yeye na wanawake wanne, mimi wa sita. Tulitosha. Udongo ukalala. Siku ya kuanza kujenga tukabeba vikapu. Nyapara akaona vikapu. Akadhani udongo wa Mbeya unatoka ardhini umeshaiva.

Nyumba ikasimama. Mwezi wa tisa mzungu wa viwanja akaja na fimbo. Akagonga ukuta kwa fimbo, akachokonoa kwa ufunguo wa gari, ukuta ukamnyima hata vumbi. Akaingia ndani jua likiwa kali, akavua kofia, akakaa humo muda mrefu. Akatoka anauliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika, nani alifanya hii.

Nyapara akasema, "Mimi, bwana. Kichwa ni changu. Hawa mama wa kuchota maji tu."

Karatasi yangu ya mfuko wa simenti alikuwa ameshampa karani akainakili kwenye karatasi nyeupe. Nikafungua mdomo. Shangazi akanikanyaga mguu, akaukanyaga kweli, kisigino kizima. Alikuwa anahesabu kwamba sifa zichukuliwe, kiwanja kibaki.

Kiwanja hakikubaki. Kiliandikwa jina la shemeji wa nyapara. Shangazi akavaa kanga yake ya kanisani akaenda kumuuliza, mimi nyuma yake. Nyapara hakusimama. Alikuwa anatafuna muwa.

"Mama," akasema, "kiwanja cha mjini kinaandikwa jina la mwanamume. Una mwanamume?"

Shangazi akasema hana.

"Basi kamtafute kwanza, ndiyo uje na habari ya kiwanja."

Wale mafundi waliokuwa pale wakacheka. Nawakumbuka wote, mmoja mmoja, na vipande vya muwa vilivyokuwa chini. Shangazi alisema asante. Aliambiwa hivyo akasema asante, sijui ilimtoka vipi. Tukarudi chumbani kwetu kwenye mabati. Mimi ndani ya siku mbili zilizofuata nilimwua nyapara kichwani mara nyingi sana. Nilimtumbukiza kisimani, nilimpitishia lori. Halafu nikatulia, maana niliona sina haja ya kufanya lolote. Angejiua mwenyewe.

Maana aliamriwa ajenge nyumba nane za namna ile, safu moja, haraka, mvua isije ikamkuta. Na alianza. Wiki ya kwanza tu udongo ukamsumbua, tofali likikauka linafunguka kama mkate uliotoka jikoni vibaya. Akanifuata kwenye uji wangu, akaanza kwa kunisifia nimekua.

"Ule udongo wenu," akasema, "mlikuwa mnachanganya nini?"

"Udongo, maji, nyasi, majivu kidogo."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka tutie sukari, bwana nyapara?"

Akacheka, akaniita mtundu, akanywa uji vikombe viwili. Na mimi sikusema uongo. Kila nilichokitaja kilikuwemo. Ambacho sikukitaja ni siku.

Akatia majivu, akatia nyasi. Alichimba leo, akafyatua leo, kesho kutwa akajenga. Nyufa akazijaza kwa udongo mwingine mbichi, juu akapaka chokaa, nyumba zikawa nyeupe kama mayai. Nilihamishia uji wangu pale pale kwenye safu yake ili nione vizuri. Nakiri hapa, nilikuwa na furaha. Kila asubuhi nilipita nikitazama nyumba ile na ile, ufa mpya uko wapi, nikirudi nyumbani naimba. Shangazi akaniuliza nimepata mchumba nini. Sikumwambia kitu. Yeye njia ile alikuwa haipiti kabisa, kwa sababu ya kiwanja cha kona.

Watu wakapewa nyumba wakahamia. Mfagizi wa barabara na watoto watano. Mpagazi wa sokoni. Utingo wa lori na mama yake kipofu. Nyapara naye alijipa moja, ya katikati, akahamia na mke wake aliyekuwa na mtoto mchanga. Hiyo ilinifurahisha kupita zote.

Mvua za Mbeya haziombi hodi. Wiki ya kwanza ukuta ukavimba. Wiki ya pili chokaa ikabanduka pande kwa pande, ikianguka chini inapasuka, na nyuma yake udongo unateremka taratibu kama uji ulioachwa mekoni. Nyumba ya mpagazi ikaanguka ukuta wa jikoni, ikafunika vyungu. Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo haraka kwa sababu watu wakifika hapa wananikatiza kuniuliza. Hakuna aliyekufa, lakini yule mama kipofu walimtoa akiwa amelowa, wakamkalisha chini ya mti wa barabarani na godoro lake mapajani.

Mzungu akaja na mabuti. Nyapara akasema ni utaalamu wa wale wanawake, bwana, walinidanganya. Nilikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo miezi miwili, maneno yote ninayo, nikawa nasubiri mzungu ageuke amfukuze ndiyo niyaseme. Mzungu akamfukuza kweli. Nikavuta pumzi. Kabla sijasema, akaendelea. Alisema udongo basi. Kuanzia leo ndani ya vigingi vya mji nyumba ya udongo ni marufuku, ni simenti au tofali la kuchoma, na zote zilizopo zivunjwe. Zote, akasema, akanyoosha fimbo mpaka kwenye nyumba ya kona. Ile ya shangazi. Ambayo ilikuwa imesimama kwenye mvua ile ile, kavu, bila hata mkwaruzo.

Nikapiga kelele. Nikamwambia ile siyo kama hizi, nenda kaiguse. Karani akaniambia nyamaza wewe muuza uji. Mzungu alikuwa ameshaingia garini.

Walichukua siku mbili kuivunja. Nyumba nane zilizolowa walizisukuma kwa mikono, ile ya kona iliwavunjia mipini. Shangazi alisikia habari akaja. Alisimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wa kuazima, akaangalia mpaka dari la mianzi lilipoanguka na udongo wake. Kisha akanigeukia. Alikuwa ameziona zile nane. Mtu kama yeye anatazama tope chini anajua lililala siku ngapi.

"Alikuja kukuuliza?"

"Alikuja."

"Ukamwambia shimo?"

"Sikumwambia."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako, shangazi."

Akaangalia kule barabarani walikokaa watu na vitanda vyao. "Yule mama kipofu," akasema, "aliniambia mimi nitafute mwanamume?"

Jumamosi yake akapanda basi kwenda Iringa na sufuria zake mbili. Jembe akaniachia. Hakuniambia nimfuate, na mimi kwa kiburi changu sikumwomba.

Nilikaa Mbeya peke yangu mpaka mahindi yakakomaa. Niliuza uji. Nilipokutana na nyapara, sasa hana kofia ya kaki, anabeba magunia sokoni, nilikuwa nasimama katikati ya njia ili azunguke. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu yote iliyobaki, na ilikuwa inapungua. Nikapanda basi.

Nilimkuta shangazi kwa bibi anakandika tembe. Akaniambia kamwene, salamu ya kwetu, kama unavyomwambia mtu yeyote anayepita. Akanawa mikono, akanitolea kigoda cha wageni, akaniletea maji kwenye kikombe kilichofunikwa na kisahani. Mimi. Mtu niliyekuwa nakunywa kwenye mtungi wake kwa kata tangu sijaota meno. Heri angenipiga. Siku mbili akaniita mgeni, mgeni amekula, mgeni ameoga. Siku ya tatu nikamfuata kwenye ukuta, nikachota udongo nikaanza kukandika kando yake bila kuulizwa.

Tukaenda hivyo mpaka kwenye kona. Ndipo akasema anachotaka. Anataka nirudi Mbeya nikamfundishe nyapara shimo, kwa sababu watu wa zile nyumba nane bado wanakaa kwenye vibanda vya magunia na nyapara ndiye anayejua kusimamisha watu kazini.

Nikasema, "Nitamfundisha kila mtu Mbeya. Nitafundisha mfagizi, nitafundisha mpagazi, nitafundisha mbwa wake. Yeye hapana."

"Hata mbwa?"

"Mbwa hakunitukania shangazi."

Akageuza uso ukutani, lakini mabega yalimtikisika, nikajua anacheka. Nikaingilia hapo hapo. Nikamwambia basi tuchimbe shimo barabarani. Waziwazi, kila mtu aone, wanawake na wanaume, waone siku ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu tuone ni nani tena atasimama aseme kichwa ni chake. Shangazi akaacha kucheka. Mwiko, akasema. Mama yuko hai na mimi nivunje mwiko wake?

Bibi alikuwa amekaa juani, tulidhani amesinzia. Akasema bila kufungua macho kwamba mwiko huo anaujua ulikotoka, mama yake alimwambia. Walificha shimo kwa sababu wanaume wakiliona watasema wao ndio walioanza. Hakuna kingine. Hakuna mzimu humo.

"Na huyo wenu," bibi akasema, "amesema ni lake bila hata kuliona. Sasa mnaficha nini?"

Tukacheka watatu wote, shangazi akaniambia nenda kanywe maji kwenye mtungi, kikombe hicho kirudishe kabatini.

Tulirudi Mbeya mwanzo wa kiangazi. Ndani ya vigingi vya mji udongo ulikuwa marufuku, basi tukatoka nje yake. Ng'ambo ya kigingi cha mwisho, upande wa kwenda Mwanjelwa, yalikuwa mashamba tu. Bibi mmoja Msafwa, mjane kama shangazi, alikuwa na shamba la viazi pale na nyumba iliyoegemea upande. Wakakubaliana: shangazi ataijenga nyumba ya bibi huyo kwanza, kisha kipande cha pembeni kitakuwa cha shangazi, na mashahidi wakaitwa, wanawake peke yao. Hakuna aliyeulizwa kama ana mwanamume.

Shimo nikalichimba mimi, kando ya njia ya kwenda sokoni kabisa, mahali ambapo huwezi kupita bila kulizunguka. Watu wakalalamika harufu. Nikawaambia inuseni vizuri, hiyo ndiyo nyumba. Mfagizi alikuja na watoto wake. Utingo alikuja, akasema mama yake amemtuma aguse, kisha ampelekee habari. Kila siku nilikuwa nasimama pale natangaza kama muuza samaki: leo siku ya nne, bado, leo siku ya kumi, usiguse, wewe unayecheka, rudi wiki ijayo ucheke vizuri. Mwanamume akiuliza, namjibu. Niliwachorea nyumba chini kwa kijiti, dari la mianzi na udongo wake, paa linalotokeza. Aliyetaka karatasi nilimpa karatasi. Wengine wakaenda kuchimba mashimo yao. Kufikia mwezi wa nane upande ule ulikuwa unanuka mpaka wa mjini wakalalamika upepo.

Nyapara hakuja. Alikuja mke wake, mtoto mgongoni. Akamwamkia shangazi shikamoo mama, akasimama. Akasema wanakaa kwa shemeji, ndani ya chumba kimoja watu tisa, na amemwambia mumewe achague: aje hapa ajifunze, au yeye arudi kwao Tukuyu na mtoto. Mimi nikasema Tukuyu ni pazuri, mvua nyingi, ndizi nyingi. Shangazi akaniambia nyamaza. Akamwambia yule mama, mwambie aje.

Akaja kesho yake asubuhi. Watu walikuwa wengi, ilikuwa siku ya kukanyaga mara ya kwanza, udongo wa nyumba ya shangazi mwenyewe, hii tunayokaa leo. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, kama siku zile alipokuwa anasimamia. Mpagazi akamwuliza bwana nyapara umekuja kukagua. Wakacheka, na mimi nikasikiliza kicheko hicho mpaka mwisho, kwa sababu kile cha kwanza nilikisikiliza mpaka mwisho.

Akamwambia shangazi, "Mama, nimekuja kuona."

"Umeshaona," shangazi akasema. "Vua viatu."

Akavua. Akakunja suruali. Miguu yake ilikuwa laini, sijui kwa nini hilo lilinikera. Akaingia, tope likamfika magotini, harufu ikampanda, akafumba macho. Akakanyaga. Shangazi akamwonyesha kwa upole kabisa, kisigino kwanza, geuza, vuta, asiruke kama anacheza ngoma. Upole ule ulinichoma. Mimi nilitaka amwambie lile neno, amwulize kama ana mwanamke wa kumwandikia shimo. Hakumwambia. Akakanyaga naye bega kwa bega mpaka jua likawa utosini, na aliyekuwa anahema ni nyapara.

Walipotoka, shangazi akaniambia nimpe mgeni maji anawe miguu. Nikasema mto uko pale. Akaniangalia, akaenda kuyachukua mwenyewe, akamwekea beseni mbele. Nyapara akanawa huku ananitazama kwa chini. Akasema, "Binti, na mimi nina—" nikamwambia asimalizie, udongo unakanyagwa mara tatu na hii ilikuwa ya kwanza.

Shangazi ananiambia mpaka leo kwamba siku ile nilikuwa na adabu mbaya. Inawezekana. Nyumba ikamalizika kabla ya mvua, ina milango miwili na funguo zote mbili anazo yeye, na mwezi wa saba tukiamka blanketi ni kavu. Ukuta wa upande wa jikoni ndio uliotoka kwenye udongo wa siku ile. Nimeukagua kila masika nikitafuta ufa nimlaumu nao, sijaupata.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya kukanyaga, kabla watu hawajakusanyika, nilimkuta nyapara ameshafika shimoni, peke yake, viatu mkononi. Hakuniamkia na mimi sikumwamkia. Akaniuliza aanzie wapi. Upande wa karibu udongo ulikuwa haujafika hata kwenye kifundo cha mguu. Nikamnyooshea kidole upande wa pili, kule kwenye kina.